Mafuta Yakinyamaa

Juzi binti yangu alinijia na simu mkononi. "Mama, hebu ona, eti Marekani watu wanajipaka uso mafuta ya ng'ombe!" Kwenye video mama mmoja alikuwa akichapa kitu cheupe ndani ya bakuli, kizito kama malai, akisema ngozi yake haijapata kuwa laini namna ile. Binti akacheka. Mimi sikuweza. Pua yangu ilikuwa imeshapata harufu ya kondoo, na nyuma yake waridi, na mikono ya Baba ikanijia mbele ya macho.

Ilikuwa Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, mwaka 1988, katikati ya msimu wa kusi. Baba alikuwa mwashi. Nyumba za Lamu ni matumbawe na chokaa, na chokaa hainyonyi maji tu, hula mafuta ya mkono pia. Ngozi hukauka, halafu hupasuka. Vidole vya Baba vilikuwa na nyufa kwenye kila kiungo, na ndani ya nyufa mlikuwa na weupe usiotoka kwa sabuni, kana kwamba naye amepigwa lipu. Ndimu na chumvi za mchuzi zilimchoma. Basi siku ya Idi, mbele ya wageni, wenzake wote wameizunguka sinia ya pilau wanakula kwa mkono, yeye aliletewa sahani yake na kijiko. Bibi aliona. Hakusema kitu mbele za watu, lakini jioni ile alipita nyumba za jirani akiomba shahamu ya vichinjo vyao.

Mafuta ya nazi yalikuwapo tele nyumbani. Tatizo lake ni joto letu: hayagandi mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukijipaka usiku, alfajiri yapo kwenye shuka. Shahamu inayozunguka figo za kondoo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 40, hukaa pale pale ulipoipaka. Bibi hakuwa na kipimajoto, lakini hilo alilijua vizuri. Alijua pia kwamba ya figo peke yake ni ngumu, hubaki kama nta juu ya ngozi, ndiyo maana akaichanganya na ile ya makalio ya kondoo wa Kisomali, yule mwenye kichwa cheusi, ambayo ni laini zaidi.

Kuikata kuliwamaliza wanawake mkono. Kisha sufuria juu ya seredani, makaa machache, kikombe cha maji ya chumvi ndani yake. Yakayeyuka, yakachujwa kwa melimeli, yakaachwa yagande, ule uchafu wa chini ukakwanguliwa kwa kisu na maji yakamwagwa. Akarudia mara ya pili, na mara ya tatu, kila mara harufu ya kondoo ikipungua. Hiyo ilikuwa kazi ya siku nzima na sitaieleza yote.

Ninalolikumbuka ni mteleko wa mwisho, siku ya pili, alasiri. Mara hii hapakutiwa maji. Bibi alinikalisha karibu na seredani kiwandani, yaani uani, akanishika sikio kwa vidole viwili, taratibu, akaligeuza kuelekea sufuria.

"Wasikia? Yalia."

Nilisikia. Sauti ndogo ndogo, kama mvua ya mbali juu ya makuti.

"Yakilia yana mai. Mai yakibaki ndani, mafuta huoza. Ngoja yanyamae."

Tukangoja. Mapovu yakawa madogo, yakawa machache, yakaja moja moja kutoka chini. Sauti ikafifia mpaka nikawa nasikia punda wa jirani akipiga kwato ukutani, na adhana. Kisha sufuria ikanyamaa kabisa, na mafuta yakawa maangavu kiasi cha kuona mkwaruzo wa zamani kwenye kitako cha sufuria. Bibi akaitua chini, akaniambia niyaangalie yasiingie inzi, akaenda kutawadha.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimpenda Baba mno, na nilimwonea haya kwa ajili ya kile kijiko. Nikawaza: atapaka mafuta ya kondoo, atakaa barazani na wenzake, watamsikia harufu. Kwenye kidaka, shubaka la ukutani, ulikuwepo mrashi wa fedha, umejaa marashi ya mawaridi tangu wageni wa asubuhi. Nikaupanda mkeka uliokunjwa, nikauteremsha mrashi, nikanyunyiza.

Mafuta yakapiga ukelele. Yalirukaruka, tone likaniangukia juu ya kifundo cha mkono, na alama yake ninayo hadi leo, ndogo kama punje ya mtama. Nikarudi nyuma nimeziba mdomo. Bibi alikuwa kwenye sala, hakutoka. Basi nikakaa, nikayangoja yapoe, mpaka yakaanza kufanya ukungu kwenye kingo, nikanyunyiza tena. Hayakulia. Nikadhani yamekubali. Nikamwaga yote yaliyobaki, nikashika mwiko, nikachapa kwa nguvu zangu zote, na yakageuka meupe, laini, yanapendeza, yananukia mawaridi nyumba nzima.

Bibi alipotoka alisimama juu yangu na msala begani. Alitazama sufuria muda mrefu. "Ahsante, mwanangu," akasema, akaleta kopo.

Wiki ya kwanza Baba alipaka kila usiku baada ya isha, akanyoosha mikono juu ya magoti kama mtu anayeomba dua. Nyufa zilianza kufunga. Nilikuwa nikimbusu mkono asubuhi nikienda chuoni kusoma Kurani, nikasikia waridi, nikajiona nimefanya jambo kubwa. Wiki ya tatu, nilipofunua kopo, vidoa vya kijani vilikuwa vimezunguka ukingo, na chini ya waridi palikuwa na uvundo. Bibi akaenda kulimwaga mwenyewe. Shahamu nyingine haikuwepo mpaka kuchinjwe tena, na Baba alikuwa na ukuta wa kumaliza. Akafunga vidole kwa vitambaa, akaenda kazini. Kile kijiko kikarudi sinia iliporudi.

Binti aliniuliza, "Ukawaambia?" Sikuwaambia, na wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Kwa miaka mingi nimejisemea kwamba nilikuwa mtoto, nilitaka mema. Ni kweli. Lakini siku nikiikumbuka ile mikono iliyofungwa vitambaa, ukweli huo haunitoshi, na sijui ungemtosha nani.

Jambo jingine nililijua baadaye sana. Bibi alikuwa na njia yake ya kuyatia harufu. Mafuta yakishaganda, huyatandaza kwenye sinia na kuyalaza maua ya asumini juu yake usiku kucha, makavu, yasiyoguswa na maji, asubuhi akayaokota moja moja. Harufu hubaki. Maua ya Baba yalikuwa yameshachumwa alasiri ile, yamefunikwa kwa kawa jikoni, yanangoja.

Mwaka uliofuata aliteleka tena. Mafuta yakalia, yakanyamaa, akayatua chini, akaniambia niyaangalie yasiingie inzi. Kisha akanyoosha mkono kwenye kidaka, akauchukua ule mrashi, akaenda nao kuswali.