Mama mkwe na mbuzi wa mhubiri

Jumapili, usiku.

Mama mkwe alifika juzi kutoka Kaimosi na kuku, mkungu wa ndizi na Biblia yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Leo nikampeleka kanisani kwetu, ibada ya saa nne, ile ya Kiswahili. Mimi Mmeru, yeye Mtiriki. Bila Kiswahili tungekuwa tunatazamana tu jikoni.

Mhubiri alianza vizuri. Alipofika kwa mwana mpotevu akanogewa, akahamia Kimeru bila kubisha hodi. Kisa cha mzee na mbuzi wake. Kanisa likaangua kicheko, nami nikacheka, tena kwa sauti. Kugeuka, namwona mama ametabasamu kwa kuchelewa, kidole bado kiko kwenye Luka 15.

"Mama Imali, amesema nini?"

Nikamtafsiria. Hakikuchekesha hata kidogo.

Jioni nikiosha vyombo nikawaza jinsi wamisionari walivyogawana nchi hii kama shamba la urithi. Waskoti wa Presbiteri Thogoto mwaka 1898, Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki (Quakers) Kaimosi 1902, Waadventista Gendia 1906. Kila kundi likajifunza lugha ya pale na kutafsiri Maandiko. Siwezi kulibeza hilo. Marehemu nyanya yangu hakujua kuomba kwa lugha nyingine. Ila ndiyo maana hadi leo ukinitajia kanisa lako naweza kukisia kwenu ni wapi.

Mwaka 1913 walikutana Kikuyu kujaribu kuunganisha misheni zao, wakamaliza kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja. Askofu Mwanglikana wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi! Hapo walikuwa Wazungu kwa Wazungu. Sisi hata hatukuulizwa.

Mwanangu Imali naye hakucheka leo. Ana miaka tisa, hajui Kimeru wala Kitiriki. Yeye na nyanya yake walikaa wakiangaliana, mimi katikati nikijifuta machozi ya kicheko. Picha hiyo haijanitoka.

Sasa hivi mama amepita mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Jumapili ijayo twende kwa Marafiki," akasema. "Wakicheka, nitakutafsiria."