Dirisha la upande wa porini

Juzi nilikuwa kwenye treni ya umeme kwenda Dodoma na binti yangu, tumeshapita Morogoro, tunakaribia yale mahandaki ya Kilosa, nikamwona anapapasa kioo juu chini anatafuta pa kufungulia. "Mama, mbona hili dirisha halifunguki?" Nikamwambia kuna AC. Akasema sawa, je mtu akitaka kununua kitu nje anafanyaje? Nikanyamaza, maana akili ilishaondoka pale, niko mwaka 2003, usiku, kwenye treni ya zamani ya kwenda Kigoma, hukohuko maeneo ya baada ya Kilosa.

Ile safari ilikuwa ya haraka, ya mambo ya mama yangu mzazi, hapa siyaelezi. Nyumbani hakuna aliyetaka nipande treni kwa sababu ajali ya treni ya Igandu ilikuwa bado mbichi, ndo kwanza mwaka ulikuwa umepita. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilianza kurudi nyuma kwenye mteremko, ikashindikana kuisimamisha, ikakimbia hivyohivyo kinyumenyume mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 wakafa. Mtaani kwetu kila mtu alikuwa anamjua mtu aliyefiwa. Kwa hiyo mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye breki, treni ikipunguza mwendo moyo unaruka, ikisimama nasikilizia kama inarudi nyuma. Wizi hata sikuuwaza.

Aliyeuwaza ni yule mama wa Ujiji. Tulikuwa daraja la pili kulala, chumba cha wanawake, vitanda sita, na hata salamu hazijaisha vizuri yeye keshainama anatafuta chini ya vitanda, "kiko wapi kile kipande cha mti?" Waliosafiri na ile treni wanakijua. Ukishafunga dirisha unakikaza kwenye fremu ili mtu wa nje asiweze kulisukuma likafunguka, na kwa kweli usiku ulinzi wote wa chumba ulikuwa ni hicho kimti. Chetu hakikuwepo. Mtunza behewa akasema anaenda kututafutia, tukakaa sana, akarudi mikono mitupu, eti vimepungua, vingine abiria wameondoka navyo. Mama akavua kandambili yake moja, akaikunja, akaishindilia pale kwenye fremu. Akasema tutaona.

Sasa lazima muielewe hii reli ilivyo. Mjerumani alianza kuijenga kutokea Dar mwaka 1905 na mwaka 1914 ikafika Kigoma, na ni njia moja tu, treni mbili haziwezi kupita kwa wakati mmoja, kwa hiyo mkifika stesheni ndogo fulani mnaingizwa njia ya pembeni mnasubiri mwenzenu apite. Unaweza kusubiri nusu saa, unaweza kusubiri mpaka usingizi ukukolee kabisa. Upande mmoja kuna jengo la stesheni, kuna kitaa, kuna watu wanauza mayai na chai na ndizi. Upande wa pili ni pori na giza. Macho ya kila mtu yako upande wa stesheni, hata askari wakishuka wanashukia huko, na dirisha letu sisi lilikuwa linatazama porini.

Tukasimama sehemu kama hiyo, usiku mkubwa. Mimi niko kitanda cha juu kabisa, sijalala. Nikasikia kandambili inadondoka sakafuni. Baadaye kidogo ukaingia mti mrefu mwembamba, wenye ndoano ya waya kwenye ncha, kama ule wa kuangulia maembe. Uliingia taratibu sana. Ukampita mwanafunzi aliyelala kitanda cha kati karibu kabisa na sikio, ukaenda mpaka kwenye mkoba wa dada mmoja mwalimu, uliokuwa umetundikwa kwenye msumari. Ndoano ikagusa mkanda, ikakosa, ikagusa tena. Nilitaka kupiga kelele sauti ikagoma kutoka. Kumbe mama wa Ujiji naye alikuwa macho, nikaona mkono wake unatoka kule chini unaudaka ule mti, akavuta, na wa nje naye akavuta, hakuna anayesema neno, mkoba ukateleza mpaka dirishani, ukaingia mkono wa mtu ukauchukua. Mkoba ukaenda. Mti ukabaki kwetu.

Hapo ndo makelele yakaanza. Yule dada alikuwa anakwenda kuripoti Kasulu, ajira yake ya kwanza, na barua na vyeti vyote halisi vilikuwa mle. Alilia kilio ambacho hata waliokuwa wanagomba kwa kuamshwa walinyamaza. Watu wakajaa koridoni, treni ikapiga honi ikaanza kuondoka, na mara nikasikia kutoka mwisho wa behewa, "huyu hapa! huyu hapa kadandia!"

Alikuwa mtoto wa mayai. Ukinilazimisha nikadirie umri nitasema miaka kumi na nne. Ndoo nyeupe ya plastiki, na kwenye mshikio wa ndoo amefungia kwa kamba kikopo cha chumvi na pilipili. Kumbe treni ilivyoanza kutembea yeye karukia ndani kwenye maungio ya daraja la tatu na behewa letu. Mwanaume mmoja wa koti la jinzi kamkunja shati shingoni, mwingine kaipiga teke ndoo, mayai yanabiringika koridoni watu wanayakanyaga, na mlango wa behewa ulikuwa wazi. Ile milango ilikuwa inafunguliwa kwa mkono tu, hata treni ikiwa kwenye mwendo. Upepo unaingia, unasikia kabisa kokoto na mataruma yanavyopita chini, na treni inazidi kushika kasi.

Wakaanza kusema atupwe. Aliyesema wa kwanza simjui, na nadhani hata yeye leo ukimuuliza atakataa, lakini lilivyotoka mdomo wa kwanza likaingia midomo yote, atupwe, atupwe, na wale walikuwa watu wa kawaida kabisa, mmoja jioni yake alinisaidia kupandisha begi. Kisigino kimoja cha yule mtoto kilikuwa kwenye ngazi ya nje tayari. Yule dada mwalimu akajipenyeza mpaka mbele, akamshika mikono akamuuliza vyeti vyangu viko wapi, na mtoto akamjibu, shikamoo dada, sijui, mimi nauza mayai. Yaani katikati ya vile alikumbuka shikamoo.

Mama wa Ujiji akaja mguu mmoja una kandambili mwingine hauna, na ule mti bado kaushika. Hakusema kwamba mtoto hana kosa. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "kama kaiba huyu mkoba uko wapi? Huu mti ulishikwa na mtu wa nje, huyu mmemkuta ndani." Mmoja akamjibu huyu ndo mpelelezi wao, hawa wa mayai wanapita madirishani kuangalia nani kaweka nini wapi, halafu wanaenda kuwaambia wenzao. Na ni kweli ilikuwepo hiyo, kila msafiri wa njia ile alishaisikia. Mama hakubishana. Alimvuta mtoto ndani kwa mkono mmoja, akaubamiza mlango, akasimama ameuegemea mgongo wote, mti kaukingamisha kifuani, na pale koridoni palivyokuwa pembamba ilikuwa huwezi kuufikia mlango bila kumpiga yeye. Na kumpiga mama wa umri ule hakuna aliyekuwa tayari.

Askari wakaja na tochi. Walikuwa wawili kwa treni nzima, na tukio limewakuta mabehewa ya mbele kabisa. Wakamchukua mtoto wakakaa naye mpaka asubuhi, akashushwa stesheni kubwa iliyofuata. Dada akaitwa akaandike maelezo. Akaambiwa kesi ili iende inabidi abaki, na mashahidi wabaki. Nani abaki? Mama ana mzigo wake anausindikiza Ujiji, mimi nakimbilia yale mambo ya mama yangu, na dada mwenyewe akichelewa kuripoti ajira inapotea. Honi ikapigwa, tukapanda wote. Kesi iliishia palepale kwa sababu mlalamikaji na mashahidi wote walikuwa na tiketi za kuendelea na safari.

Hilo ndo limenikaa zaidi kuliko hata ule mti. Mara nyingi watu wakiongelea usalama wa treni wanaongelea mwizi akamatwe. Mimi nasema usiku ule tungekuwa na vitu vidogo sana, kipande cha mti kwenye kila dirisha, taa upande wa pili wa stesheni, mlango usiofunguka treni ikitembea, askari mmoja anayekaa mabehewa ya nyuma, basi wale wanaume wasingefika mahali pa kutaka kuua mtoto. Ndo maana hii ya umeme, iliyoanza kupakia abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, mimi nikiona begi linapita kwenye mashine na kitambulisho kinaangaliwa sinung'uniki hata foleni ikiwa ndefu, nafurahi kabisa. Lakini bado kuna watu wanapanda ile ya zamani, wanalala na mikoba yao kichwani, na wao ni abiria kama mimi. Wao wasisahaulike kwa sababu sisi tumepata kipya.

Kuhusu yule mtoto, mimi na kaka yangu tunabishana hadi leo. Kaka anasema alikuwa mmoja wa wale wezi. Namuuliza kama alikuwa mwenzao kwa nini adandie treni badala ya kubaki chini wagawane? Ananiambia alikuwa anakwenda kuangalia vyumba vingine kwa ajili ya stesheni ya mbele. Hapo huwa nakosa jibu. Namwambia tu kwamba kikopo cha chumvi na pilipili kilikuwa kimejaa na mayai kwenye ndoo yalikuwa mengi, ni mtu aliyekuwa anataka kuuza, na yeye ananijibu kwamba hata mpelelezi anatakiwa auze.