Condorcet, Kilwa na kura za Kidato cha Tatu

Juzi wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walishindwa kukubaliana waende wapi ziara. Wako 43, kambi tatu. Nikawaambia kila mtu aandike chaguo la kwanza, la pili na la tatu, kisha nikachora jedwali ubaoni. 14 walitaka Kilwa Kisiwani, kisha Mikindani, mwisho Dar. 16 Mikindani, Dar, Kisiwani. 13 Dar, Kisiwani, Mikindani.

Tukalinganisha mawili mawili. Kisiwani ikaishinda Mikindani 27 kwa 16. Mikindani ikaishinda Dar 30 kwa 13. Wa Kisiwani wakaanza kushangilia, mpaka nilipoandika mstari wa mwisho: Dar 29, Kisiwani 14. Darasa likalipuka. "Mwalimu, umekosea kujumlisha!"

Sikukosea. Fumbo hilo, la kila chaguo kushindwa na jingine, alilieleza mwanahisabati Mfaransa, Condorcet, mwaka 1785, na nikaamua kipindi kilichobaki kiwe chake, maana huyu mtu nampenda tangu chuo.

Aliingia Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1769, akiwa na miaka 25. Rafiki yake Turgot alipopewa wizara ya fedha, Condorcet akawekwa kusimamia utengenezaji wa sarafu, na wote wawili wakapigania nafaka iuzwe huru bila serikali kuikaba. Turgot akaangushwa mwaka 1776. Condorcet hakubadilika: kwake, mtu ana haki zake kabla ya mfalme na kabla ya bunge. Mwaka 1790 aliandika kwamba wanawake nao ni raia. Mwaka 1792 alilipelekea bunge mpango wa elimu ambao shule zingefundisha bila kuamriwa na watawala. Mimi mwalimu, hilo nalishika kwa mikono miwili.

Lakini sisi wa Kilwa tuna sababu nyingine ya kumjua. Mwaka huohuo alioangushwa Turgot, 1776, Mfaransa mwenzake, mfanyabiashara Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 (sarafu za fedha) kwa kichwa, na asiruhusiwe mnunuzi mwingine mpaka yeye apate wake. Wengi wa watu waliouzwa hapa kwa Wafaransa walipelekwa mashamba ya Morisi na Reunion. Mwaka 1781 Condorcet alitoa kijitabu kwa jina la kubuni, Schwartz, akisema kumnunua na kumuuza binadamu ni jinai mbaya kuliko wizi, hata sheria ikiruhusu. Alitaka utumwa uondolewe hatua kwa hatua, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Aliyeibiwa haambiwi asubiri.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipogeuka, alipinga mfalme kuuawa, akaikosoa katiba ya kambi iliyoshika madaraka, na Julai 1793 ikatoka amri akamatwe. Mjane mmoja wa Paris akamficha. Bunge lilipofuta utumwa, Februari 1794, yeye alikuwa bado mafichoni. Mwishoni mwa Machi alitoka mafichoni, akakamatwa, akakutwa amekufa sakafuni mwa mahabusu.

Ziara tuliamua kwa kura ya vijiti, ikatoka Kisiwani. Tulivuka kwa mashua asubuhi, tukakaa kivulini kando ya ngome ya kale iitwayo Gereza, nikawasimulia tena ule mkataba, safari hii pamoja na muda wake: miaka 100. Binti mmoja, mkimya sana darasani, akachukua kijiti akaandika mchangani, 1,000 mara 100. Akaitazama.

"Laki moja, Mwalimu," akasema. "Laki moja ya watu."

Hakuna aliyeifuta.