Wiki ya sita: mizani kumi na sita na pumzi moja

Albamu fupi ya nyimbo tano ninayoirekodi hapa Lamu imekwama tena, na safari hii tatizo si midundo wala maneno, bali ni pumzi. Jumatatu nilirudia beti mbili za wimbo wa tatu mara kumi na moja, nikawa nakaukiwa na sauti kabla ya kufika kwenye kina cha mwisho. Mara moja tu niliyokaribia kufaulu, punda alilia chini ya dirisha.

Chanzo nakijua. Hip-hop niliipendea Kalamashaka na Ukoo Flani, makundi ya rap ya Kenya, lakini sikio langu lilifunzwa mapema zaidi na nyanya yangu, aliyekuwa akighani kwa ghibu Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mshororo wa utenzi una mizani 8, yaani silabi nane, nao hukaa kwa raha ndani ya mapigo manne. Mimi nikachagua shairi, lenye mizani 16 kwa mshororo, nikalipandisha juu ya mdundo wa mapigo 90 kwa dakika. Mapigo manne hapo hayafikishi hata sekunde 3, na kila robo ya pigo inabeba silabi yake, kwa hiyo hakuna upenyo wa kuvuta hewa. Nilipoubuni mpango huo niliuona ni ustadi. Sasa nauona ni ukaidi wangu mwenyewe.

Ami yangu, ambaye hupiga tari katika zefe za Maulidi, alinisikiliza dakika chache tu akasema, "Mwanangu, wavuta pumzi kwa mabega. Vuta kwa tumbo."

Tangu siku hiyo, baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, natembea peku ufukweni hadi kijiji cha Shela huku nikighani beti hizo kwa sauti ya chini, kwa kuwa mchanga laini humfichua upesi mtu anayepumua vibaya. Sigara nilikwisha kuiacha, na kesha za studio nimezikatiza saa nne usiku. Wenzangu wananitania kwamba nimekuwa mwanariadha, nami siwajibu.

Alhamisi nilifika mshororo wa sita kati ya minane. Ule wa saba nimeupunguza mizani mbili mwanzoni mwa utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, ili nivute hewa hapo, ingawa najua mzee yeyote wa barazani akilisikia shairi hilo ataliita guni, yaani shairi lililovunja kanuni za utunzi.