Miadi ya Jumatatu na Ijumaa

Siku za Ijumaa, inapogonga saa 11 jioni, mimi huwa nimesimama kwenye banda la kusubiria pantoni upande wa Magogoni, Dar es Salaam, nimebanwa katikati ya ndoo za samaki waliotoka Feri na waendesha pikipiki ambao kila mmoja anataka apite wa kwanza. Hiyo ndiyo saa ambayo John Winthrop, gavana wa Massachusetts Bay, koloni la Waingereza huko Amerika, alipatana na mkewe Margaret kwamba watakuwa wakikumbukana. Kabla hajaondoka Uingereza mwaka 1630 waliwekeana miadi ya Jumatatu na Ijumaa, kati ya saa 11 na saa 12, ili kila mmoja, popote alipo, aache shughuli zake na kumwelekezea mwenzake moyo. Tangu nilipozisoma barua zao, foleni ya Kigamboni imenipungukia uchungu kidogo.

Winthrop alizaliwa Januari 1588 huko Suffolk, katika familia ya wenye ardhi wa kijiji cha Groton, akasomea Cambridge, na alipofikisha miaka 17 tu alikwisha kumwoa Mary Forth. Mary alimzalia watoto sita, akafariki mwaka 1615. Thomasine Clopton, mke wa pili, alikaa nyumbani mwaka mmoja na siku chache tu. Alifariki baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Margaret Tyndal aliolewa mwaka 1618, akaikuta nyumba yenye watoto wa Mary aliyetangulia kaburini, akawalea pamoja na wake mwenyewe. Kwa jumla gavana alipata watoto 16 kwa wake wanne, na wengi wao aliwazika.

Mwaka 1629 alipoteza kazi yake ya uanasheria katika mahakama ya mfalme, wakati Wapuritani wenzake, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipokuwa wakizidi kubanwa, na Oktoba mwaka huohuo wenye kampuni ya Massachusetts Bay walimchagua awe gavana. Aprili 1630 aliondoka kwa meli ya Arbella. Margaret, kwa kuwa alikuwa mjamzito, alibaki.

Kilichonifanya nimwandike si siasa zake, ambazo zimekwisha kuandikwa sana. Ni tarehe 2 Julai 1630. Henry, mwana wa pili wa Mary Forth, kijana aliyekwisha kumsumbua baba yake kwa mambo ya Barbados na kwa kumwoa binamu yake Elizabeth kwa haraka, alifika Salem, bandari ya koloni hilo, kwa meli nyingine, na punde alijitosa mtoni aogelee ng'ambo kuchukua mtumbwi, akazama. Katika shajara yake gavana aliandika tu kwamba mwanawe Henry amekufa maji Salem, basi, akaendelea na habari za meli. Lakini wiki mbili baadaye, katika barua kwa Margaret, kalamu ilimshinda: akaliita jina la Henry mara mbili mfululizo, kama mama anayelia msibani, akimwita maskini mtoto wake. (Salem hiyo ndiyo ambayo wafanyabiashara wake, miaka 200 baadaye, walileta Unguja kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani.)

Na ile miadi? Gavana alikiri mwenyewe, katika barua ya mwaka huohuo, kwamba wingi wa shughuli umemfanya asahau Jumatatu na Ijumaa mara nyingi mno. Nilicheka niliposoma, kisha nikamhurumia. Tena, hata angekumbuka, saa 11 jioni ya Boston ilikuwa karibu saa 4 usiku huko Groton, kwa hiyo wangekuwa wanapishana tu.

Margaret alifika Boston Novemba 1631, pamoja na John Mdogo, mwana wa kwanza wa gavana. Kichanga Ann, ambaye baba yake hakuwahi kumwona, alikuwa amekufa baharini. Watu wa koloni walimpokea bibi huyo kama sisi tunavyompokea bibi harusi: waliletwa nguruwe walionona, wana-mbuzi, nyama ya mawindo, kuku, mabata bukini na kware, hata mumewe akashangaa.

Huruma yangu kwake, hata hivyo, ina mpaka. Mwaka 1638 shajara ileile iliyomtaja Henry kwa mstari mmoja iliorodhesha shehena ya meli Desire iliyotoka visiwa vya Karibi: pamba, tumbaku na watu weusi, vyote kwa pumzi moja, na hakuna aliyetajwa kwa jina. Mwanawe Samuel, aliyezaliwa na Margaret, baadaye alitajirika huko Antigua kwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa.

Margaret alifariki Juni 1647 kwa homa iliyoenea koloni zima. Gavana, ambaye alichaguliwa mara 12, alioa mjane Martha Coytmore kabla mwaka haujazunguka, akapata naye mtoto mmoja, Joshua, na mwenyewe akafa tarehe 26 Machi 1649. Alizikwa Boston. John Mdogo, aliyekuwa gavana wa Connecticut, alifuata katika kaburi hilohilo mwaka 1676, na mwanawe Fitz-John, naye gavana wa Connecticut, mwaka 1707.