Ndoo ya chooni

Machi 2020, kesi ya kwanza ya Korona Kenya ilitangazwa tarehe 13, alafu wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. Mimi nilikuwa nasimamia vijana wa kujitolea wanaopokea simu za watu wenye msongo, kila mmoja akiwa kwao sababu ofisi ilifungwa.

Nilidhani kazi yangu ni ripoti. Nauliza simu ngapi leo, ngapi umezipeleka kwa daktari, basi. Kumbe kuna binti mmoja wa mtaa wa Kayole, Nairobi, chumba kimoja na mama yake na wadogo zake watatu, simu alikuwa anazipokelea kwenye choo cha ploti, amekalia ndoo iliyogeuzwa, na mimi sikujua mpaka siku nilipompigia nikasikia jirani anagonga mlango anataka kuoga. Unaongea na mtu aliyechoka kuishi, huku unagongewa. Jamani!

Nikabadilisha mambo. Zamu masaa matatu tu, na ukimaliza simu nzito hushiki ingine kabla hujaongea na mimi, hata dakika tano, hata kama unasema uko sawa (hasa ukisema uko sawa). Bando tukachangishana, maana kujitolea sio kutoboka mfuko.

Binti tukamhamishia asubuhi, wadogo wakiwa nje wanacheza. Wiki iliyofuata mama yake akachukua simu, "Mwalimu, asante sana, ndoo yangu nimerudishiwa."