Siku moja na diski yangu, Mbagala hadi Kurasini

Saa 12:15 asubuhi. Niko ndani ya daladala Barabara ya Kilwa, mkoba nimeupakata. Ndani kuna diski ya terabaiti 4 yenye nakala za akiba za data za ofisi, iliyolala kwangu Mbagala wiki nzima. Kila Jumatatu naipeleka ofisini, jioni narudi na mwenzake.

Saa 1:30. Kurasini. Sisi ni mawakala wa forodha, na mimi ndiye ninayetunza seva, kompyuta inayohifadhi data za ofisi nzima. Kabla ya chai nasoma ripoti ya nakala za usiku: "Imekamilika." Zamani neno hilo lilinitosha. Masika ya miaka miwili iliyopita paa lilivuja juu ya chumba cha seva, na diski ya nakala ilikuwa imechomekwa kwenye seva ile ile. Vyote viwili vililowa. Wiki tatu tuliwaomba wateja watutumie upya ankara na hati za shehena. Mama wa hesabu alilia mbele yangu, na kilio kile ndicho kilichonifanya niombe kuandika mkakati wa nakala za akiba, ambao ndio ninaoufanyia kazi leo.

Saa 3. Sikutaka kuanza na bei za vifaa. Nimezunguka idara zote na maswali mawili: kazi ya muda gani mnaweza kuirudia ikipotea, na mnaweza kukaa muda gani bila mfumo?

"Mwanangu, kazi ya siku moja nairudia, risiti ninazo," kasema Mama wa hesabu. "Ila mwisho wa mwezi hata saa moja usinipotezee."

Watu wa kadhia, yaani hati za kutangaza mizigo forodhani, wamesema saa mbili basi, kwa sababu kontena likikaa bandarini gharama zinapanda. Utumishi wanaweza kusubiri wiki. Basi kadhia zitanakiliwa kila saa, hesabu kila usiku na mwisho wa mwezi kila nusu saa, mengine kila Ijumaa. Za hesabu zinatunzwa miaka 5, ndivyo sheria ya kodi inavyotaka. Na kila diski inayotoka nje ya jengo lazima ifungwe kwa nywila, maana ina pasipoti na vitambulisho vya wateja.

Saa 6. Mkurugenzi ameuliza kwa nini tusiweke kila kitu kwenye wingu, yaani seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, yaishe. Nimemwekea hesabu mezani: kurudisha terabaiti 2 kwa laini yetu ya megabiti 50 kwa sekunde, isiposita hata kidogo, ni karibu saa 89. Na anaikumbuka Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Wingu libaki, lakini liwe moja kati ya nakala tatu, na mojawapo isiunganishwe na kitu chochote. Hapo nikamtajia Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayatoa kila siku. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilifuta seva zao zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Ilisalia moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa imeunganishwa na mtandao. Mzee amenyamaza, kisha akasema, "Nunua diski ya tatu."

Saa 9. Jaribio. Nimechukua kompyuta tupu nikarudishia nakala ya jana. Mafaili ya kadhia yamefunguka yote. Mfumo wa hesabu umekataa! Nimehangaika saa nzima hadi nikaona: data zake zilinakiliwa huku mfumo ukiendelea kuziandika, zikatoka nusunusu. Ripoti ile ile ya "Imekamilika." Sasa nimeuamuru mfumo utoe kwanza nakala yake wenyewe, ndipo programu ya nakala za akiba ije kuichukua. Nikarudia yote tangu mwanzo.

Saa 12 jioni. Nimemwita Mama wa hesabu. Amechagua ankara moja, akailinganisha na daftari lake, kidole kikishuka tarakimu baada ya tarakimu.

"Ndiyo yenyewe."

Mawingu yametanda upande wa Kigamboni. Nimeichomoa diski ya pili, nikaifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, nikatoka kwenda kituoni.